Kabla ya Kulipia Akili ya Mtoto: Hipnosi, Mitihani na Fedha ya Mzazi

(Matini ya mazungumzo na wazazi na walezi wa Mgololo, Wilaya ya Mufindi)



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kutusikiliza. Tunafahamu kwamba wapo miongoni mwenu waliotoka zamu ya usiku kiwandani, walioacha viazi shambani, na walioacha mbao zikisubiri gari. Mzazi anayeacha kazi yake ili azungumzie masomo ya mwanawe hana haja ya kufundishwa thamani ya elimu. Kwa hiyo hatukuja kuwaambia kwamba elimu ni muhimu. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kinachouzwa kwa jina la elimu, na juu ya namna ya kukipima kitu hicho kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kitu chenyewe huitwa hipnosi. Wauzaji wengine hawalitaji jina hilo. Husema "kufungua akili", "kuamsha kumbukumbu" au "kuipanga upya akili ya mwanafunzi". Huduma hii huuzwa kwa sura tatu. Ya kwanza ni kikao: mtoto huketishwa au hulazwa, akaambiwa afumbe macho, na mtu akamsemesha kwa sauti ya taratibu kwamba kuanzia leo kumbukumbu yake ni kali, hesabu ni nyepesi, na mtihani haumtishi. Ya pili ni sauti iliyorekodiwa, ambayo hutumwa kwa simu ili mtoto aisikilize usiku akiwa amelala. Ya tatu ni semina, ambamo wanafunzi wengi hukusanywa ukumbini majuma machache kabla ya mtihani, kila mmoja kwa kiingilio chake.

Swali letu la leo ni moja: mzazi anayelipia huduma hiyo ananunua nini hasa? Tunalitoa jibu mapema ili kila mtu aondoke nalo, hata atakayelazimika kutoka kabla hatujamaliza. Hipnosi inaweza kumsaidia mtu kutulia. Haiwezi kumtia mwanafunzi somo ambalo hakulisoma. Anayeuza utulivu anauza kitu kinachojulikana. Anayeuza ufaulu anauza kitu asichokuwa nacho.

Hipnosi ni nini

Hipnosi ni hali ya utulivu mkubwa ambamo mawazo ya mtu hukusanyika mahali pamoja, naye akawa mwepesi kuyapokea maneno anayoambiwa. Si usingizi, ingawa jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Aliye katika hali hiyo husikia, hujua alipo, na aghalabu hukumbuka yaliyosemwa. Wala si uchawi. Watu pia hawalingani katika jambo hili: wako wanaoingia katika hali hiyo kwa urahisi, na wako ambao hata wakisemeshwa saa nzima hawaingii.

Historia yake ina funzo kubwa kwa mlaji. Katika karne ya 18, daktari aitwaye Franz Anton Mesmer alipata umaarufu katika jiji la Paris kwa kudai kwamba anaponya watu kwa nguvu ya sumaku isiyoonekana, ambayo angeweza kuiingiza hata ndani ya mti. Watu walimiminika kwake, na walilipa. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kulichunguza jambo hilo. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani na mkemia Antoine Lavoisier.

Tume hiyo ilifanya jaribio ambalo mtu yeyote wa Mgololo, anayeishi katikati ya misonobari na milingoti, atalielewa bila shida. Mfuasi wa Mesmer alitakiwa autie mti mmoja nguvu hiyo katika bustani. Kisha mvulana wa miaka 12, aliyesemekana kuwa mwepesi wa kuihisi nguvu hiyo, alifungwa kitambaa machoni akapelekwa kwenye miti minne, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo minne uliokuwa umetiwa kitu. Mvulana alianza kutokwa na jasho, akaumwa kichwa, na alipofika mti wa nne akazirai. Mti wenyewe ulikuwa umesimama kando, hakuukaribia.

Tume ilihitimisha kwamba kilichomwangusha kijana hakikuwa sumaku, bali ni matarajio yake mwenyewe. Tuzingatie pande zote mbili za habari hiyo. Kijana hakuigiza, alizirai kweli. Lakini mti haukuwa na kitu. Mtu anaweza kupatwa na badiliko la kweli, na bado kile alichouziwa kisiwe na nguvu iliyotajwa.

Katika miaka ya 1840, daktari mpasuaji aitwaye James Braid, aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, aliacha habari za sumaku, akaichunguza hali yenyewe na kuipa jina tunalolitumia sasa. Mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilikubali kwamba hipnosi ina nafasi yake katika baadhi ya matibabu, ikiwa ni pamoja na kupunguza maumivu. Hatusemi basi kwamba kila anayeitumia ni tapeli. Tunasema kwamba ni chombo chenye kazi yake maalumu, na mlaji anapaswa kuijua kazi hiyo.

Ahadi tatu na yanayojulikana juu yake

Ahadi ya kwanza ni kwamba hipnosi huongeza kumbukumbu. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, hasa kwa sababu polisi katika nchi mbalimbali walitaka kuitumia kuwakumbusha mashahidi. Mwaka 1985 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa ripoti ya wataalamu wake kuhusu suala hilo. Walieleza kwamba mtu aliye katika hipnosi anaweza kusema mambo mengi zaidi, lakini mengi kati ya hayo ya ziada si ya kweli, na mbaya zaidi ni kwamba huyasema kwa uhakika mkubwa. Kwa mtahiniwa, hiyo ni hasara juu ya hasara: kuandika jibu lisilo sahihi huku moyo ukiwa umeridhika.

Ahadi ya pili ni kujifunza usingizini. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Marekani, Charles Simon na William Emmons, waliwasomea watu maswali na majibu usiku huku chombo cha kupima mawimbi ya ubongo kikionyesha ni nani aliyelala kweli na ni nani aliyekuwa macho kidogo. Yaliyosomwa mtu akiwa katika usingizi wa kweli hayakukumbukwa asubuhi. Usingizi una kazi nyingine, nayo ni kuyaimarisha yale ambayo mtu alijifunza mchana. Mtoto anayewekewa spika masikioni usiku kucha anaweza kuikosa hata faida hiyo, kwa kuwa kelele humkatiza usingizi.

Ahadi ya tatu ni sauti zilizorekodiwa ambazo husemekana kufanya kazi kimyakimya ndani ya akili. Mwaka 1991 Anthony Greenwald na wenzake walichapisha jaribio ambalo tungependa kila mzazi alifahamu. Walichukua kanda zilizokuwa zikiuzwa madukani, nyingine za kuongeza kumbukumbu na nyingine za kuongeza kujiamini. Baadhi ya kanda wakazibadilishia lebo: iliyokuwa ya kumbukumbu ikaandikwa ya kujiamini, na ya kujiamini ikaandikwa ya kumbukumbu. Watu walizisikiliza kila siku kwa takriban mwezi mmoja, kisha wakapimwa. Hakuna kanda iliyofanya kazi iliyotangaziwa. Hata hivyo, karibu nusu ya wasikilizaji waliamini kwamba wamepata nafuu, na nafuu waliyoitaja ililingana na lebo, si na kilichokuwa ndani ya kanda.

Hii ndiyo sababu ushuhuda wa jirani, hata awe mkweli kiasi gani, hautoshi. Mtoto anaweza kusema, "Mama, sasa nakumbuka vizuri," na asiwe anadanganya. Ameisoma lebo.

Hofu ni ya kweli

Tusije tukaeleweka kwamba hofu ya mtihani ni jambo la kupuuzwa. Akili ya mwanafunzi ikibanwa, hata mwili huonyesha. Nchi yetu ina mfano uliochunguzwa na madaktari na kuandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali ile ikaenea hadi ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari hawakupata sumu katika chakula wala ugonjwa katika damu. Walieleza kwamba ni msongo uliopita kutoka kwa msichana mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo mtoto anayetetemeka mikono asubuhi ya mtihani, anayetapika, au anayesahau kila kitu akishaona karatasi, hajifanyi. Na hapa hipnosi ina jambo la kusema: zipo tafiti zilizoona kwamba inaweza kupunguza hofu ya mtihani kwa baadhi ya wanafunzi. Lakini hofu hiyohiyo hupungua pia kwa njia zisizohitaji fundi wa kulipwa: kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi kwa dakika chache, kufanya mitihani ya majaribio hadi mazingira ya mtihani yakazoeleka, kulala vya kutosha, na kusikia kutoka kwa mzazi kwamba atapendwa hata matokeo yakiwa mabaya. Neno hilo la mwisho halina bei, na hakuna mwingine awezaye kulisema kwa niaba yako.

Kwa nini huduma hii hupata wateja

Wazazi hawalipi kwa sababu ya ujinga. Hulipa kwa sababu mtihani mmoja unaamua mengi. Wengi wenu mnayakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mwezi Februari 2013, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yale yakapangwa upya. Katika nyumba nyingi, hata hivyo, swali lilibaki: "Mtoto wangu ana nini?"

Swali hilo ndilo mlango ambao muuzaji huingilia. Yeye hujibu kwamba kasoro imo kichwani mwa mtoto, na ufunguo wa kuiondoa anao yeye. Lakini tutazame njia ya mwanafunzi wa shule ya kawaida ya Serikali. Husoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Hesabu vyote vimegeuka kuwa Kiingereza. Mwingine hatembei na daftari pekee asubuhi yenye ukungu na baridi, hutembea na njaa pia. Mwingine haoni ubaoni, na hakuna aliyewahi kumpima macho. Mwingine hukosa shule siku za kupakia mbao au kuchuma chai kwa sababu nyumbani fedha haitoshi. Hakuna kati ya hayo linaloondoka kwa kufumba macho na kusikiliza sauti.

Madhara hayaishii mfukoni. Mtoto aliyepelekwa kwa "mfungua akili" amefundishwa kwamba akili yake ilikuwa imefungwa. Akifaulu, atadhani nguvu ni ya mwingine. Akifeli hata baada ya mzazi kulipa, atadhani ameshindikana kabisa.

Ipo pia hesabu ambayo muuzaji haionyeshi. Watoto 100 wakihudhuria semina, wako watakaofaulu, kama ambavyo wangefaulu bila semina. Hao ndio watakaopigwa picha na kuwekwa katika tangazo la mwaka ujao. Waliofeli hawapigwi picha. Mzazi mwenye busara huuliza: walikuwa wangapi kwa jumla, na wale wengine walipata nini? Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria inavyomlinda mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayoiuza. Kusema kwamba huduma ina manufaa ambayo haina ni upotoshaji, iwe imesemwa kwa tangazo, kwa ujumbe wa simu au kwa mdomo. Anayejiita mganga wa tiba asili au mtaalamu wa tiba mbadala hutakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayekuuzia vidonge au dawa ya maji "ya kuongeza kumbukumbu" pamoja na kikao ameingia katika eneo la dawa, na dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inadai alindwe. Mwanafunzi wa kidato cha nne, hata akiwa na ndevu, aghalabu bado ni mtoto mbele ya sheria hiyo.

Ahadi za namna hii zimewahi kuwajibishwa kwingineko. Mwaka 2016 nchini Marekani, kampuni ya michezo ya kompyuta ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya kuwalinda walaji ya nchi hiyo kuituhumu kwamba ilidai, bila ushahidi wa kutosha, kuwa michezo yake ingewafanya watu wafanye vizuri zaidi kazini na shuleni. Kampuni hiyo haikuuza hipnosi, lakini ahadi ilikuwa ileile: lipa, na akili itaongezeka.

Maswali saba kabla ya kulipa

Tunawaomba myaandike maswali haya, na mtu atakapowajia, mumuulize yote bila kuona haya.

1. Jina lako kamili ni nani, ofisi yako iko wapi, na umesajiliwa na nani? Mtu asiye na mahali pa kupatikana kesho hana mahali pa kurudishia fedha.

2. Umesomea nini, na wapi? Kazi ya kuitibu akili ya mtoto ni ya daktari, mwanasaikolojia au mshauri aliyefunzwa. Cheti cha hipnosi pekee hakimfanyi mtu kuwa mmoja wao.

3. Unaahidi nini hasa? Akijibu "kupunguza hofu", sikiliza zaidi. Akijibu "daraja la kwanza", "kumbukumbu mara tatu" au "kufaulu bila kusoma", mazungumzo yameisha.

4. Ushahidi ni upi mbali na shuhuda? Majina na picha za waliofaulu si ushahidi.

5. Gharama yote ni kiasi gani? Tuchukue mfano. Mzazi anaambiwa kikao ni shilingi 30,000, akaona anaweza. Baada ya kikao cha kwanza anaambiwa vinahitajika vitano, la sivyo akili "itajifunga tena". Sasa ni shilingi 150,000, na hofu imeongezwa juu yake. Dai bei yote mwanzoni, iandikwe, pamoja na masharti ya kurudishiwa fedha. Na ukilipa, dai risiti.

6. Nitakuwapo chumbani? Jibu liwe "ndiyo" na si vinginevyo. Mtoto asifungiwe chumbani na mtu mzima msiyemfahamu, akiwa amefumba macho na ameambiwa atii. Yeyote anayekataza mzazi asiwepo, au anayemwambia mtoto afanye siri, aachwe hapohapo.

7. Umemuuliza mtoto kuhusu afya yake? Mtoto aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, au mwenye kifafa, apelekwe kwanza kwa daktari. Asiyeuliza hilo hajui hatari ya kazi anayoifanya.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Kama hataki, asilazimishwe.

Fedha ileile inaweza kufanya nini

Mtu akiwaambia "msinunue" bila kuwaonyesha la kufanya, amewaacha njiani. Elimu ya namna ya kusoma imechunguzwa sana, na yaliyogunduliwa hayauzwi na mtu.

La kwanza ni karatasi tupu. Sehemu hii ya Mufindi inajulikana nchini kwa kiwanda chake cha karatasi, basi tuitumie karatasi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambamo kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fulani na kuirudia kuisoma, na kundi la pili likasoma, likafunga, kisha likaandika yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: walioandika bila kutazama walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo mtoto akimaliza ukurasa, afunge daftari, achukue karatasi, aandike anachokumbuka, kisha afungue na kujisahihisha. Ni kazi ngumu kuliko kusoma tena, na ugumu huo ndio unaofundisha.

La pili ni kugawa muda. Saa moja kwa siku katika siku tano hushinda saa tano za usiku mmoja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka tulichojifunza, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hukihifadhi vizuri zaidi. Darasa la saba hufanya mtihani mwezi Septemba na kidato cha nne mwezi Novemba. Marudio yaanze mapema mwaka, si baada ya kuona tangazo la semina.

La tatu ni maswali ya mitihani iliyopita. Mtoto ayafanye kwa saa, akiwa peke yake, kisha mwalimu ayasahihishe. Hapo somo hujengeka na hofu hupungua kwa pamoja.

La nne ni Kiingereza kwa mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Kamusi moja, na maneno machache ya somo kila siku, humfungulia masomo mengi kuliko kikao chochote cha kufungua akili.

La tano ni mwili. Apimwe macho na masikio. Apate chakula cha mchana shuleni. Mchango wa mahindi na maharage ambao wakati mwingine tunauona mzigo ni sehemu ya masomo. Alale. Apate mwanga wa kusomea na saa moja ya utulivu nyumbani, redio ikiwa imezimwa.

Na kama hofu ya mtoto imezidi, kiasi kwamba halali, hali, au anasema maneno ya kukata tamaa, aanze kwa mwalimu wa unasihi shuleni, kisha apelekwe kituo cha afya. Huo ni ugonjwa wa kutibiwa, si kasoro ya kufichwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Ikiwa umekwisha kulipa

Usione aibu, aibu ya mlaji ndiyo ngao ya mpotoshaji. Tunza risiti, ujumbe wa muamala wa simu, tangazo na jumbe mlizoandikiana. Mwandikie mtoa huduma ukidai fedha yako, na ubaki na nakala. Asipojibu, mwone mtendaji wa kijiji au wa kata akusaidie kuandaa malalamiko, kisha yafikishwe Tume ya Ushindani au baraza linalosimamia kazi ya mtu huyo.

Kama mtoto ameguswa vibaya, ametishwa au amenyweshwa kitu, hilo si shauri la fedha tena. Nenda siku hiyohiyo polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na umwone afisa ustawi wa jamii. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, na kuipiga hakuna malipo.

Ndugu wazazi na walezi, hatuwaamulii namna ya kutumia fedha yenu. Yupo atakayetaka mwanawe afundishwe utulivu na mtaalamu wa kweli, mwenye usajili, kwa bei iliyoandikwa, mlango ukiwa wazi na mzazi akiwa ameketi kando. Hiyo ni haki yake. Tunachowaomba ni kwamba asiwepo mzazi wa Mgololo atakayeuza gunia la viazi ili amnunulie mtoto kumbukumbu, kisha mtoto huyo akaingia katika chumba cha mtihani bila kuwahi kuandika jibu hata moja kwa mkono wake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu huonyesha kilipo, mzazi hushika taa, na mtoto huinama mwenyewe.

 Sasa tunakaribisha maswali.